Aliyeumwa na Nyoka: Somo Kuhusu Hofu ya Saratani Kurudi

Katika masomo yaliyotangulia tumezungumzia kupima saratani mapema, chanjo ya mabinti zetu, na namna ya kumhudumia mgonjwa aliyelala nyumbani. Safari hii tunazungumzia watu ambao hatukuwahi kuwaandikia somo, kwa sababu tulidhani hawana shida tena. Ni wale waliotibiwa wakapona, wakarudi kwenye vihamba vyao, na sasa wamefikisha miaka mitano, kumi, wengine ishirini.

Inatubidi tuanze na kosa letu wenyewe.

Miaka kadhaa iliyopita mama mmoja wa mtaa wa juu huku Machame, karibu na mpaka wa msitu, alitibiwa saratani ya titi. Alifanyiwa upasuaji, akawekewa dawa za dripu kwa miezi, kisha akasafiri hadi Dar es Salaam kupata mionzi. Mfuko wetu ulilipa nauli za safari zote hizo, na majirani walimpelekea mtori na kumkatia majani ya ng'ombe. Alipomaliza, usharika ulimfanyia ibada ya shukrani. Kwaya mbili ziliimba. Alitoa mkungu wa ndizi na jogoo, vikanadiwa nje ya kanisa baada ya ibada kama ilivyo desturi yetu, na jogoo yule alinunuliwa na kurudishwa mnadani mara tatu kwa furaha ya watu. Nasi tulipiga picha tukaitoa katika jarida. Fomu yetu wakati ule ilikuwa na visanduku vitatu tu: anaendelea na matibabu, amepona, amefariki. Tukatia alama ya vema kwenye "amepona", jalada likafungwa, na nauli ikakoma.

Katika mwaka wa nne tangu ibada ile, mhudumu wetu wa diakonia alipita nyumbani kwake kwa shughuli nyingine kabisa, akiandikisha watoto yatima wa kitongoji. Aliona mama amekonda. Aliona pia kwamba kila alipokaa, mkono wake wa kulia ulikwenda wenyewe upande wa kushoto wa kifua, chini ya kanga, ukabaki pale. Alipoulizwa kwa upole, mama alisema kuna kitu kigumu kimejitokeza kando ya kovu. Kilikuwa na miezi minane. Kliniki ya marudio alikuwa ameacha kwenda tangu miaka miwili nyuma.

"Mama, mbona hukutuambia?" mhudumu alimwuliza.

"Mwanangu, ningesema nini? Mmeshaniimbia."

Jibu hilo ndilo lililotufanya tuandike somo hili. Mama alisindikizwa hospitali, akachukuliwa kinyama kidogo kwa sindano, akasubiri majibu. Lilikuwa kovu la upasuaji lililokakamaa, basi. Miezi minane ya kutolala, ya kuacha kubeba majani kichwani, ya kukaa kiti cha nyuma kanisani ili watu wasimwulize habari, yote hiyo kwa ajili ya kovu.

Tungependa kuishia hapo. Lakini mwaka uleule mama mwingine, wa usharika jirani, aliyekuwa ametibiwa saratani ya mlango wa kizazi, aliona damu imerudi akanyamaza kwa sababu ileile. Kwake halikuwa kovu. Tulimzika kabla ya mavuno ya kahawa. Mtu aliyewatazama akina mama hawa wawili kutoka nje asingeweza kumjua mwenye ugonjwa na asiye nao. Wote walikuwa na ukimya wa namna moja, na ukimya huo sisi tulisaidia kuujenga.

HOFU HII NI KITU GANI

Wahenga walisema, aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Tunapoitumia methali hii mara nyingi tunamcheka kidogo yule anayeshtuka, kwamba anaogopa ukindu wa kusukia mkeka. Lakini mtu huyo hakupungukiwa na akili. Nyoka yupo kweli, na safari ya kwanza aling'atwa kwa sababu hakumtambua. Ndivyo ilivyo kwa waliowahi kuugua saratani. Uvimbe wa kwanza mara nyingi hauumi. Mama anaamka, anakamua ng'ombe, anashuka sokoni Kwa Sadala, anajiona mzima, kumbe si mzima. Mtu ambaye mwili wake umemficha jambo kubwa namna hiyo mara moja, atauamini vipi tena kichwa kikimwuma?

Mwaka 1985 daktari mmoja wa Marekani, Fitzhugh Mullan, ambaye yeye mwenyewe aliugua saratani akiwa na umri wa miaka 32, aliandika kwamba kupona saratani kuna misimu yake, kama mwaka ulivyo na misimu. Kuna msimu wa kugunduliwa na kutibiwa, ambao kila mtu anauona. Kuna msimu wa pili, tiba imekwisha na mgonjwa yuko nyumbani anasubiri, na hapo hofu ya ugonjwa kurudi ndiyo inayotawala. Kisha kuna msimu wa kudumu, ambapo hatari imepungua sana lakini mtu habaki kuwa yule wa zamani. Sisi wa mlimani tunajua kwamba mvua za masika zikikatika, kazi ya shamba haijaisha. Ndipo palizi inapoanza. Hata hivyo misaada yetu mingi ilikuwa ya msimu wa kwanza tu.

Wataalamu wameichunguza hofu hii kwa muda mrefu sasa. Mwaka 2022 watafiti walikusanya pamoja tafiti 46 zenye watu zaidi ya 9,000 waliowahi kuugua saratani. Walikuta kwamba karibu watu 6 kati ya kila 10 wanayo hofu ya kiasi cha kati au zaidi, na karibu mmoja kati ya watano anayo kwa kiwango kikubwa, kiasi cha kuhitaji msaada maalumu. Kwa hiyo usharika wenye watu kumi waliomaliza matibabu usijidanganye kwamba wote kumi wamelala usingizi.

Yako mambo matatu katika tafiti za aina hii ambayo yalitushangaza. La kwanza, miaka kupita peke yake haiondoi hofu. Mtu wa mwaka wa kumi anaweza kuogopa sawa na wa mwaka wa pili. La pili, wenye umri mdogo huogopa zaidi kuliko wazee, na sababu yake si ngumu kuiona: mama wa miaka 35 anawatazama watoto ambao bado hawajamaliza shule. La tatu, ndugu wanaouguza nao hubeba hofu hiyo, na wakati mwingine ni nzito kuliko ya mgonjwa mwenyewe. Tunamfahamu mume mmoja ambaye husikiliza kila mkewe anapokohoa usiku, naye mke hujizuia asikohoe ili mume asiamke. Wanalala kitanda kimoja, kila mmoja akimficha mwenzake.

Hofu hii haikai siku zote kwa kipimo kimoja. Huamshwa na jambo. Kwa wengi ni tarehe ya kliniki: wiki moja kabla yake chakula hakipiti, watoto wanagombezwa bila kosa, na mtu anaanza kuhesabu maumivu ambayo wiki iliyopita hayakuwapo. Kwa wengine ni mwezi Oktoba, redio zinapotangaza habari za saratani ya matiti asubuhi mpaka jioni. Msiba wa mtu mliyelala naye wodi moja huitikisa kuliko yote. Na huku kwetu kuna kikohozi cha Julai, ukungu unaposhuka hadi barabarani na kila nyumba ina anayekohoa. Mzee aliyewahi kuugua saratani hakohoi kama wengine wanavyokohoa.

Namna ya kuitikia nayo hutofautiana. Mmoja hujipapasa mara kumi kwa siku na kwenda kwa kila daktari anayesikia jina lake. Mwingine hajitazami hata akioga, na akiona barua ya kliniki huiweka chini ya godoro. Kamati nyingi humwona yule wa kwanza kuwa msumbufu na wa pili kuwa jasiri. Sisi tumejifunza kumhofia zaidi huyu wa pili.

KILA SARATANI NA KALENDA YAKE

Tunaulizwa mara kwa mara: je, inarudi kweli? Hatutaki kudanganya mtu katika somo hili. Inaweza kurudi, lakini si kwa kila mtu, na si kwa saratani zote sawasawa. Watu wengi huiogopa kama kitu kimoja, jina moja, wakati yako magonjwa mengi chini ya jina hilo, na kila moja lina kalenda yake.

Saratani ya mlango wa kizazi ndiyo inayoongoza kwa wanawake wa nchi yetu. Ikirudi, mara nyingi hurudi katika miaka miwili au mitatu ya kwanza. Ndiyo maana madaktari humwita mama kila baada ya miezi mitatu hadi sita katika miaka miwili ya mwanzo, kisha wakaachanisha nafasi. Mama aliyevuka mwaka wa tano salama ana sababu nzuri ya kupumua.

Saratani ya titi haiko hivyo kabisa. Ipo aina inayolishwa na homoni za mwili, na hiyo inaweza kukaa kimya muda mrefu. Uchambuzi mkubwa uliotolewa mwaka 2017, uliohusu wanawake zaidi ya 60,000 waliomaliza miaka mitano ya vidonge vya kuzuia homoni, ulionyesha kwamba ugonjwa uliendelea kurudi, mmoja mmoja, hadi mwaka wa ishirini. Waliogunduliwa mapema sana, uvimbe ukiwa mdogo na haujafika kwapani, hatari yao ilikuwa ndogo. Waliochelewa ilikuwa kubwa mara tatu au nne zaidi. Kwa hiyo mama wa titi anapomwuliza mchungaji, "Mbona miaka saba imepita na bado naogopa?" hana wazimu. Anauliza swali ambalo madaktari nao wanaliuliza.

Kwa upande mwingine iko saratani ya taya za watoto, ambayo Denis Burkitt aliieleza kutoka Uganda mwaka 1958, na ambayo kwa ajili yake kilifunguliwa kituo pale Mulago mwaka 1967, kilichokuja kuwa Taasisi ya Saratani ya Uganda. Hiyo ikirudi hurudi upesi, zaidi katika mwaka wa kwanza. Mtoto aliyekaa miaka miwili bila dalili, wazazi wake wanaweza kumwachia acheze mpira na wenzake.

Tunayaeleza haya kwa kirefu kwa sababu hofu isiyo na kalenda hujaza mwaka mzima. Mgonjwa ana haki ya kumwuliza daktari wake: ugonjwa wangu ulikuwa hatua gani, kama ungerudi ungerudi lini hasa, na dalili zake zingekuwa zipi? Wengi hawaulizi. Wanaona aibu kumchosha daktari mwenye foleni ndefu. Mwanakamati anayemsindikiza mgonjwa anaweza kumwandikia maswali hayo kwenye karatasi kabla hawajaondoka nyumbani.

Kuhusu dalili, kipimo rahisi tunachowafundisha watu ni hiki: jambo jipya, lisiloisha kwa wiki mbili au tatu, au linalozidi. Uvimbe mpya, damu isiyo ya kawaida, maumivu ya mfupa yanayokuamsha usiku, kikohozi kisichokatika, kukonda bila sababu. Hayo yapelekwe hospitali bila kungoja tarehe. Maumivu ya siku tatu baada ya kulima ni maumivu ya kulima.

Neno moja kuhusu vidonge. Wako akina mama waliopewa tamoksifeni, ambayo humezwa kila siku kwa miaka mitano, na kwa wengine kumi. Kwa wenye saratani ya titi inayolishwa na homoni, dawa hii hupunguza uwezekano wa ugonjwa kurudi kwa karibu nusu. Tumekuta wengine wameiacha, na si kwa sababu ya joto la mwili linaloletwa nayo wala kukosa fedha. Mama mmoja alituambia, "Kila asubuhi kidonge kile kinaniita mgonjwa." Tulimwelewa. Tulimwomba akiweke pamoja na sukari ya chai, si kwenye mfuko wa dawa, akimeze kama anavyokunywa chai. Hatujui kama ni ushauri wa kitaalamu, lakini anaendelea kumeza.

Sehemu nyingine ya hofu ni ya watoto. Mama hujiuliza kama amewaachia mabinti zake ugonjwa. Kwa saratani ya mlango wa kizazi jibu lipo na ni zuri: husababishwa na kirusi, haipiti kwa damu ya ukoo, na chanjo yake ipo. Mkoa wetu wa Kilimanjaro ulikuwa wa kwanza kuijaribu mwaka 2014, ikaenea nchi nzima mwaka 2018, na tangu 2024 wasichana wa miaka 9 hadi 14 huchomwa mara moja tu. Mama aliyempeleka binti yake kuchanjwa ameshughulikia sehemu hiyo ya hofu kwa mikono yake. Kwa saratani ya titi, zinazorithiwa moja kwa moja ni chache, kati ya 5 na 10 kwa kila 100. Palipo na ndugu kadhaa waliougua wakiwa vijana, familia ikamweleze daktari.

USHUHUDA NA HOFU

Sasa tunafika mahali ambapo kamati zetu hukwama. Mtu akishashuhudia mbele ya usharika kwamba amepona, atasemaje tena kwamba anaogopa? Wengine huambiwa waziwazi kwamba kuogopa ni kukosa imani, au kwamba kutaja ugonjwa ni kuukaribisha mlangoni. Wengine hujiambia wenyewe, bila kuambiwa na mtu.

Tunawaomba wanakamati wafungue Mambo ya Walawi sura ya 13 na kuisoma taratibu, ingawa si sura inayopendwa. Mtu mwenye doa la ngozi alipelekwa kwa kuhani, akawekwa kando siku saba, akaangaliwa. Akawekwa tena siku saba, akaangaliwa mara ya pili. Alipotangazwa kuwa safi mambo hayakuishia hapo: doa likienea baadaye alitakiwa kurudi kujionyesha tena. Sura ya 14 inasema hata nyumba iliyokwanguliwa na kupakwa upya, ugonjwa ukitokeza tena ukutani, kuhani aitwe. Hii ni kliniki ya marudio, na anayerudi haulizwi imani yake ilikwenda wapi. Naye mfalme Hezekia, aliyeambiwa na nabii kwamba atapona na ataongezewa miaka 15, aliomba ishara. Alikuwa ameshapewa neno, na tini zilishawekwa juu ya jipu, bado akataka kitu cha kushika. Hakukemewa, ishara alipewa.

Hofu iliyonyimwa mahali pa kusemewa hutafuta njia nyingine. Mwaka 2011 wengi wetu tuliyaona magari yakipita usiku na mchana kuelekea Samunge, Loliondo, ambako mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile, aliyefahamika kama Babu, alitoa kikombe cha dawa ya mizizi kwa shilingi 500. Foleni ilifika kilomita nyingi, na wako waliofia njiani. Babu alifariki Julai 2021 na hatuandiki haya ili kumhukumu marehemu. Tunaloliandika ni kwamba katika magari yale walikuwamo watu ambao hawakuwa wagonjwa. Walikuwa wamemaliza matibabu hospitali, wameambiwa wako salama, na walikwenda kwa sababu hakuna aliyewahi kukaa nao kitako wakaieleza hofu yao. Baadhi yao waliporudi hawakwenda kliniki tena, kwa kuwa kwenda kungekuwa kukana kikombe. Hilo halikuisha na Loliondo. Leo yapo mafuta, maji, na vinywaji vya unga vinavyouzwa kwa bei ya mbuzi.

Wanaume wana njia yao ya kunyamaza. Aliyetibiwa saratani ya tezi dume hatakuja kwenye kikundi, na akiulizwa hali atasema "salama" akitazama mlima. Mara nyingi hofu yake hutoka kama hasira, au hukaa kilabuni. Hapa tumekuwa tukitumia mfano wa jirani zetu: mwaka 2010 Profesa Anyang' Nyong'o, akiwa Waziri wa Huduma za Afya wa Kenya, aligundulika kuwa na saratani ya tezi dume, akaitangaza hadharani. Alitibiwa, akaendelea na kazi, akaja kuchaguliwa gavana wa Kisumu. Wazee wetu wakisikia kwamba waziri aliitaja tezi dume mbele ya waandishi wa habari, huanza kulegeza ulimi kidogo. Si wote.

TULICHOBADILISHA

Tumeongeza kisanduku cha nne kwenye fomu: "amemaliza matibabu, anafuatiliwa." Kinaonekana kitu kidogo, lakini kisanduku hicho ndicho kinachofanya nauli iendelee. Kwa saratani ya titi na ya mlango wa kizazi tunamfuatilia mtu miaka mitano kwa uchache, kisha mara moja kwa mwaka maadamu yu hai na anataka.

Kazi yenyewe ni rahisi kuliko tulivyodhani. Enzi za nyuma Ocean Road, Dar es Salaam, ilikuwa mahali pekee nchini pa kupata mionzi, na mgonjwa wa Machame alisafiri kilomita zipatazo 550 kutoka Moshi. Lakini marudio mengi hayahitaji safari hiyo, na tangu mwishoni mwa 2016 KCMC ina kituo chake cha saratani. Mtu anatoka Machame asubuhi na kurudi jioni. Gharama ya safari moja ya marudio ni sehemu ndogo sana ya kile ambacho wafadhili wetu walilipa kwa tiba ya kwanza. Tunawaambia kwa moyo wote, ninyi mnaotuchangia: picha ya mama anayenada jogoo inapendeza kuliko picha ya mama yuleyule amekaa kwenye benchi la kliniki mwaka wa sita. Tulizoea kuwatumia ile ya kwanza kwa sababu tulijua mnaipenda, na sisi tuliipenda. Ombi letu ni kwamba mkubali pia kulipia benchi.

Jambo la pili ni kusindikizana. Wiki ya kabla ya kliniki mtu mmoja wa kamati humtembelea anayekwenda, si kumhubiria, bali kukaa. Tumewafundisha wanaotembelea waache maneno fulani. "Usiwaze hayo" halimsaidii mtu, maana anayoyawaza hayaiti hodi. "Mungu ameshamaliza" linamfunga mdomo. Na lile linalopendwa sana, "Hata mimi naweza kugongwa na gari kesho," ni kweli, lakini msemaji hajawahi kugongwa. Tumeona maneno mafupi yakifanya kazi zaidi: "Kliniki ni Jumanne? Tutakwenda wote. Na siku ya majibu nitakuja."

Jambo la tatu ni kikundi. Waliomaliza matibabu hukutana Jumamosi moja kila mwezi, huchangishana fedha kama vikundi vingine, na humaliza kwa kila mmoja kusema anaogopa nini mwezi huu. Mwanzoni tulidhani mazungumzo hayo yatawatia hofu zaidi. Tulipata moyo tuliposoma juu ya jaribio lililofanywa Australia kwa watu 222 waliopona saratani, matokeo yakatolewa mwaka 2017. Walioketi na mtaalamu mara tano, wakifundishwa kuitambua hofu inapokuja, kuiacha ipite bila kupigana nayo, na kurudisha akili kwenye kazi na watu wanaowapenda, walipungukiwa na hofu kuliko wenzao waliofundishwa kutuliza mwili peke yake. Kikundi chetu hakina mtaalamu wa kiwango hicho. Aliyezidiwa, asiyelala wiki nzima au anayesema afadhali afe, tunampeleka hospitali kwa daktari wa afya ya akili, na tunaziomba sharika zisilione hilo kuwa aibu.

Hatuondoi ibada za shukrani. Mama wa jogoo alituomba tusiziondoe. Alisema siku ile ilikuwa njema kuliko zote za maisha yake. Tunachopendekeza ni kwamba mchungaji, baada ya kwaya kuimba, autangazie usharika tarehe ya kliniki inayofuata pamoja na jina la atakayemsindikiza, kama mwenyewe ameridhia. Sharika mbili zimeanza. Katika mmoja wao tangazo liliposomwa, mzee aliyekuwa amekaa nyuma alisimama, akasema yeye naye alitibiwa miaka tisa iliyopita na hajawahi kurudi hospitali, akauliza kama gari litakuwa na nafasi.

Kwa kikao cha kamati cha robo hii tunaomba mjadili maswali mawili tu. Ni nani katika kila mtaa wenu aliyemaliza matibabu ya saratani zaidi ya miaka miwili iliyopita? Na mara ya mwisho alipokwenda kliniki, alikwenda na nani? Majina yaletwe kwa mhudumu wa diakonia kwa bahasha iliyofungwa, kwa idhini ya wahusika, kabla barabara za juu hazijaharibiwa na masika.